Nyumba Njema Si Mlango: Siku Tatu Katika Mji wa Lamu

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (S.W.T.), aliyeumba mume na mke na akaweka baina yao mapenzi na huruma. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Mwenye kuuendea mji wa Lamu kwa njia ya nchi kavu hana budi kuwa na subira. Hutoka Mombasa alfajiri, akapita Kilifi na Malindi, akauvuka mto Tana karibu na Garsen, akaipita Witu na mashamba yake, hata akafika Mokowe, na hapo barabara ikamwishia. Kilichobaki ni maji. Huteremka gatini, akapanda mashua pamoja na magunia ya vitunguu na akina mama wenye watoto mapajani, na baada ya muda mfupi huuona mji umejipanga ufukoni, nyumba zimeegemeana kama waumini katika safu ya sala.

Sisi tulikwenda kwa wito. Mzee mmoja rafiki yetu alikuwa akimwoza mjukuu wake, akatutaka tuhudhurie nikahi na tusome hutuba. Tukakaa siku tatu katika mtaa wa Mkomani, penye nyumba za kale. Tuliyoyaona na kuyasikia huko tumeona yafaa tuwaandikie wasomaji wetu, hasa mama zetu, dada zetu na mabinti zetu, maana kwa sura yalihusu nyumba za mawe, na kwa undani yalihusu ndoa.

Nyumba za kale za Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na unene wa kuta zake hufika dhiraa moja na zaidi. Dari zimeshikwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ina kadiri ya urefu wake, vyumba vimekuwa vyembamba na virefu. Mgeni huanzia dakani, penye viti vya mawe huku na huku. Hapo mwenye nyumba huketi na wenziwe, na wageni wengi hawavuki hapo. Kisha hufuata tekani, kisha kiwanda kilicho wazi juu, kisha misana miwili, wa tini na wa yuu, kisha ndani penye zidaka za chokaa zilizonakshiwa. Nyuma kabisa mna nyumba kati, ambamo watu wa nyumba walizaliwa na humo wakakoshwa walipofariki. Kila hatua moja ndani ni sitara zaidi. Mtu aliyeketi dakani hajui kinachosemwa ndani, na wajenzi walikusudia iwe hivyo, kwani sitara ya mke na watoto ni jambo tukufu katika dini yetu.

Tulipomsifia mwenyeji wetu nyumba yake alitabasamu.

"Nyumba hini, shekhe, si yangu," alisema. "Ni ya mke wangu. Alipewa na babake alipoolewa. Mimi nalikuja hapa na sanduku la nguo."

Alitueleza desturi ya wazee wao. Baba mwenye uwezo alimjengea bintiye nyumba alipokaribia kuolewa, au alimwongezea orofa juu ya nyumba yake mwenyewe, na mume akaja kukaa kwa mkewe. Tena juu ya vichochoro mna vyumba viitwavyo wikio, vinavyovuka njia na kuziunganisha nyumba mbili. Mwanamke aliweza kutoka kwake akafika kwa mamake au kwa ndugu yake pasi na kukanyaga njiani. Wazee wale walizijenga kuta nene ili siri ya nyumba ihifadhike, na papo hapo wakaacha njia, ili aliye ndani asiwe mfungwa.

Wahenga wetu walinena, nyumba njema si mlango. Milango ya Lamu ina nakshi inayowavuta watu kutoka pembe zote za dunia, lakini nakshi ya mlango haikwambii hali ya mwenye kulala ndani.

Usiku wa nikahi, baada ya sala ya Isha, tuliketi msanani pamoja na mwenyeji wetu. Dadake, bibi mwenye umri aliyewasomesha Qur'ani wasichana wa mtaa kwa miaka mingi, alikuja akaketi upande wa pili, akatupa salamu, kisha akasema:

"Shekhe, leo umewasomea maarusi hutuba njema. Nami nina swali, si langu, ni la mwanafunzi wangu wa zamani. Mume asiyeinua mkono, aletaye unga na samaki kila siku, je, yawezekana kuwa anamdhuru mkewe?"

Tukamwambia, "Bibi, tueleze kwanza hali yenyewe."

Akaeleza. Hatutamtaja mwenye kisa wala mji aliko. Ni mwanamke aliyeolewa miaka tisa. Mumewe hajampiga hata siku moja. Lakini akikasirika hanyamazi naye siku moja wala mbili, bali hunyamaza majuma na miezi, akipita mbele yake kana kwamba anapita mbele ya kiti. Akisema, basi humsema kwa asili yake na kwa babake aliyekwisha kufa, mbele ya watoto. Kila chakula kikichelewa humtishia talaka. Amemkataza kwenda kumtazama mamake mgonjwa, na simu yake huipekua kila usiku. Mwanamke huyu alikuwa hodari wa kusoma na kucheka. Sasa mwili umemwisha, usingizi umemtoka, na mtoto wake wa kwanza ameanza kumjibu kwa maneno yale yale ya babake.

"Mara tatu amelipeleka jambo lake kwa wazee," akasema bibi. "Mara tatu wamekaa dakani na mumewe, wakanywa kahawa, wakamwita yeye mwisho, wakamwambia: hakupigi, anakulisha, huna hata alama mwilini, wataka nini? Nenda ukastahamili, mstahamilivu hula mbivu. Mara ya nne hakwenda. Sasa yuasema huenda dini ndiyo inayomtaka aishi hivi. Hilo ndilo linaloniuma, shekhe. Si mume tu. Ameanza kuidhania vibaya dini yake."

Tulimjibu usiku ule kwa kadiri tuliyojaaliwa, na jibu lenyewe tunaliweka hapa kwa faida ya wote.

Kwanza, ni makosa kudhani kuwa sheria yetu haijui dhara ila ile inayoacha alama mwilini. Mwenyezi Mungu (S.W.T.) amewapa waume njia mbili tu katika Suratul Baqara, aya ya 229: kumweka mke kwa wema au kumwachilia kwa hisani. Hakuna njia ya tatu, ya kumweka kwa mateso. Katika aya ya 231 ya sura hiyo hiyo akawakataza wazi kuwazuia wanawake kwa ajili ya kuwadhuru, na anayefanya hivyo akaelezwa kuwa ameidhulumu nafsi yake.

Tutazame na hukumu ya iylaa, katika aya ya 226. Mume aliyeapa kutomkaribia mkewe amewekewa muda wa miezi minne; ukipita, ama arejee ama aachane naye. Mume huyu hakupiga, wala haikutajwa kuwa amezuia chakula. Kosa lake ni kumhama mkewe na kumwacha akining'inia. Iwapo kuhama peke yake kumewekewa mpaka na Mola, vipi mtu aseme kuwa mke asiyepigwa hana la kushtakia? Na katika Suratun Nisaa, aya ya 129, waume wenye wake wengi wamekatazwa wasimwache mmoja wao kama kitu kilichotundikwa, si mke wala si mtalaka. Nao ulimi wa kudharau una aya yake: Suratul Hujuraat, aya ya 11, inakataza kudharauliana, kutiana ila na kuitana kwa majina mabaya. Aya hiyo haikumtoa mke. Nyumba haina ruhusa ya matusi ambayo soko halina.

Pili, wanawake wa zama za Mtume (S.A.W.) walikuja kwake na mambo ya nyumba zao, naye hakuwauliza alama za mwilini. Khawla binti Thaalaba alikuja kumlalamikia mumewe aliyemtamkia maneno ya dhihari, kumfananisha na mgongo wa mamake. Lilikuwa ni neno tu, na kwa neno hilo iliteremka Suratul Mujadila, ambayo mwanzo wake watujulisha kuwa Mwenyezi Mungu aliyasikia majadiliano ya mwanamke huyo. Mke wa Thabit bin Qays naye alikuja akasema kuwa halaumu dini ya mumewe wala tabia yake, bali hawezi kuendelea kuishi naye, na akachelea asije akaingia katika kumwasi Mola. Mtume (S.A.W.) alimuuliza kama yuko tayari kurudisha bustani aliyopewa mahari, alipokubali, akamwamuru Thabit aipokee na amwache. Huo ndio msingi wa khului, na Imam Bukhari ameipokea hadithi hiyo.

Kisha kuna kisa cha Barira, ambacho wapatanishi wetu wangekisoma kabla ya kila kikao. Barira aliachwa huru kutoka utumwani, na sheria ikampa hiari ya kubaki na mumewe Mughith au kutengana naye. Akachagua kutengana. Mughith alikuwa akimfuata katika njia za Madina akilia. Mtume (S.A.W.) akamwonea huruma, akamshauri Barira amrudie. Barira akauliza kama ni amri au ni shufaa. Alipojibiwa kuwa ni shufaa, alisema hana haja naye, na Mtume (S.A.W.) akamwacha na uamuzi wake. Ikiwa shufaa ya mbora wa viumbe haikugeuzwa kuwa kulazimishwa, shufaa ya mzee wa mtaa itapataje nguvu hizo?

Bibi alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali la mwalimu: "Na vitabu vya fiqhi, shekhe? Maana wazee wale husema madhehebu yetu ya Kishafi hayana mlango huo."

Swali hili ni zito na lahitaji insafu. Ni kweli kuwa katika madhehebu yetu kauli mashuhuri ni kwamba kadhi, akithibitishiwa kuwa mume anadhulumu, kwanza humwonya na kumzuia. Na hakamu wawili waliotajwa katika Suratun Nisaa, aya ya 35, ni mawakili wa mume na wa mke, hawana mamlaka ya kutenganisha ila kwa idhini ya wenyewe. Lakini Imam Malik, mwalimu wa Imam Shafi, Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili, alionelea kuwa hakamu hao ni mahakimu, na wakiona hakuna suluhu wana uwezo wa kutenganisha. Sheikh Khalil wa Misri, katika Mukhtasar yake ya karne ya 14, amempa mke haki ya kutaka talaka kwa kadhi ikithibiti dhara. Sheikh Ahmad Dardir, aliyeifafanua katika karne ya 18, ametaja mifano ya dhara hiyo: kumhama mke bila sababu ya kisheria, kumpiga, kumtukana, na kumtukana babake. Yule mwanamke wa kisa chetu, kunyamaziwa kwake na kutukaniwa marehemu babake kulikwisha kuandikwa na wanazuoni kabla ya babu zake kuzaliwa.

Kuchukua kauli ya madhehebu mengine pale penye dhiki si jambo geni wala si uasi. Huko Bara Hindi, ambako Waislamu wengi ni Mahanafi na mlango wa mke kutoka ulikuwa mwembamba mno, ilifikia baadhi ya wanawake kutangaza kuiacha dini ili ndoa zao zivunjike. Sheikh Ashraf Ali Thanawi, mwanachuoni mkubwa wa Kihanafi, aliposhtushwa na msiba huo alitunga kitabu chake Al-Hila al-Najiza, akachukua kauli za Wamaliki ili mwanamke apate njia ya halali. Baadaye, mwaka 1939, ikatungwa huko sheria ya kuvunja ndoa za Waislamu, na moja katika sababu zake ni mume kuyafanya maisha ya mke kuwa ya taabu kwa ukatili wa mwenendo, hata kama ukatili huo haukufikia kumgusa mwili. Nao Wamoroko, ambao ni Wamaliki, katika Mudawwana yao ya mwaka 2004 wameandika kuwa dhara inayompa mke haki ya kutaka talaka ni ya mali au ya kimaanawi, yaani ile inayoiumiza nafsi.

Asubuhi ya pili tulitembea na mwenyeji wetu kupitia njia kuu, tukipishana na punda wenye mizigo, hata tukafika penye ngome ya kale, ambayo ujenzi wake ulikamilika mwaka 1821. Kutoka hapo tulielekea Mahakama ya Kadhi, maana tulitaka kumsalimu mmoja wa watumishi wake tuliyesoma naye chuoni. Nje palikuwa na wanawake wanne wameketi benchini, kila mmoja ameshika bahasha mapajani. Hakuna aliyekuwa akizungumza na mwenziwe. Tuliwapa salamu, wakaitikia kwa sauti ndogo.

Mahakama hizi ni amana ya watu wa pwani. Zilikuwapo zama za masultani. Zikabaki wakati wa Waingereza, chini ya mapatano ya mwaka 1895 juu ya ukanda huu wa maili kumi. Zikawekewa ahadi mwaka 1963 nchi ilipokaribia uhuru. Na leo zimo katika Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170. Kazi yake ni mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale wote wenye shauri ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa hapo. Wengi wetu hujua kuwa zipo. Wachache, hasa wanawake wetu, hujua nini cha kuomba wakifika.

Yule rafiki yetu alitueleza jambo ambalo twataka kila mama alishike. Alisema wanawake wengi hufika wakiwa wamekwisha kuambiwa na jamaa kuwa njia yao ni moja, kujikomboa: rudisha mahari, samehe nafaka, uende zako. Hapa pana haja ya kutofautisha.

Talaka ni ya mume kuitamka. Khului ni mke kuomba kutoka kwa kutoa badala, mara nyingi mahari aliyopewa. Nayo ndiyo njia ya mke asiyemtaka mumewe ingawa mume hana kosa, kama alivyofanya mke wa Thabit. Ama mke aliyedhuriwa, njia yake ni kumwomba kadhi avunje ndoa, iitwayo faskhi au tafriki, kwa sababu ya dhara. Huyu hajinunui, kwa kuwa aliyeivunja ndoa kwa hakika ni mwenye kudhuru. Katika Suratun Nisaa, aya ya 19, Mwenyezi Mungu amekataza kuwabana wanawake ili waume wajichukulie sehemu ya walichowapa. Wanazuoni wa Kimaliki wamesema wazi kwamba mke aliyetoa mali kwa khului, kisha ikathibiti kuwa alikuwa akidhuriwa, hurudishiwa mali yake. Kwa hiyo mume anayemtesa mkewe kimya kimya mpaka mke mwenyewe aje kusema, "Chukua mahari yako, niache," asidhani amepata mali ya halali kwa kuwa mke ametia sahihi.

Na ushahidi je? Siri ya mtungi aijuaye kata; maneno ya chumbani hayana mashahidi. Sheria ya Mahakama za Kadhi ya mwaka 1967 imeweka kuwa shahidi yeyote asikizwe pasi na kubaguliwa kwa dini yake au kwa kuwa ni mwanamke, na kuwa jambo liamuliwe kwa kuaminika kwa ushahidi wote, si kwa idadi ya mashahidi. Basi ushahidi wa mama, wa dada, wa jirani aliyesikia, na wa mwalimu aliyeona watoto wamebadilika, una mahali pake. Barua na ujumbe wa simu wenye matusi au vitisho usifutwe kwa hasira wala kwa aibu. Daktari aliyemtibu mwanamke kwa kukosa usingizi na kwa moyo kwenda mbio aweza kuandika aliyoyaona. Mwenye kuweza na aandike katika daftari tarehe na yaliyotokea, kwa ukweli na bila ya kuongeza, maana atasimama na maneno hayo mbele ya kadhi leo na mbele ya Mola kesho. Asiporidhika na hukumu, ana haki ya kukata rufaa katika Mahakama Kuu. Zaidi ya hayo, nchi yetu ina sheria ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na ukatili wa nyumbani, ambayo imeutaja ukatili wa maneno na wa nafsi pamoja na ule wa mwili, na yampa aliyetishwa njia ya kuomba mahakamani amri ya ulinzi.

Hatuandiki haya kuwahimiza watu kuachana. Talaka ni chungu, na watoto huonja uchungu wake. Suluhu ni kheri, na Mola ameiita hivyo katika Suratun Nisaa, aya ya 128. Tunajua pia kuwa wako wanawake wenye ndimi kali wanaowatesa waume zao, na dhuluma yao ni dhuluma vile vile. Wala si kila ugomvi ni dhara: mume aliyekasirika siku moja akasema neno baya, kisha akaomba radhi, si sawa na aliyeyafanya matusi kuwa lugha ya nyumba. Lakini suluhu ya kweli ina masharti. Aya ya hakamu imetaja mmoja kutoka kwa jamaa za mume na mmoja kutoka kwa jamaa za mke. Baraza la marafiki wa mume peke yao si hilo. Mke asikizwe mwanzo kama mumewe, na asikizwe peke yake ikiwa amchelea. Waulizane si juu ya kipigo tu, bali kama kuna maneno, kunyamaziwa, vitisho na kutengwa na jamaa. Mume akikubali kubadilika, apewe muda unaojulikana, na wapatanishi wamrudie mke kumuuliza hali. Bila ya haya, neno "stahamili" huwa ni kumfungia mtu mlango kwa nje.

Subira tuliyoamrishwa ni kushikamana na haki wakati wa shida. Haikuwa kamwe maana yake kumwachia dhalimu aendelee. Kumzuia mwenye kudhulumu ni kumsaidia pia, kama alivyotufunza Mtume (S.A.W.).

Lamu aliishi Mwana Kupona, ambaye katikati ya karne ya 19 alimtungia bintiye utenzi wa wasia juu ya dini, adabu na kumtunza mume. Wasia wa mama kwa binti ni jambo jema, na harusini mabibi harusi hufunzwa mengi na masomo wao. Ingekuwa vyema wavulana nao wakafunzwa wajibu wao kwa kiasi hicho hicho. Anayeposa aulizwe juu ya kazi na mali, na aulizwe pia juu ya ulimi wake: huwasema vipi dada zake, hufanya nini akiwa na hasira. Haya wenye kumjua huyajua kabla ya posa, na kuyanyamaza ni kumghushi binti wa watu.

Na nyinyi akina baba, si wote tunaoweza leo kumjengea binti nyumba ya mawe kama watu wa Lamu. Lakini kila baba aweza kumjengea wikio: neno moja, siku ya harusi, mbele ya mumewe, kwamba njia ya kurudi kwa wazazi haikufungwa na ya kwamba akija na malalamiko atasikizwa. Binti mwenye wikio hutulia zaidi katika nyumba yake, na mume mwema halioni neno hilo kuwa tusi.

Kwa mwanamke aliye katika hali kama ya yule mwanafunzi, tunasema hivi. Dini yako haikukutaka uishi ukidharauliwa. Usijidhulumu kwa kudhani Mola wako amekuandikia adhabu hiyo. Anza na mtu mmoja mwaminifu. Kisha watake jamaa waweke hakamu wa haki. Na kama hakuna suluhu, mlango wa kadhi ni halali yako, wala si aibu kuubisha. Ukitenganishwa, utakaa eda yako, na nafaka ya watoto haimtoki baba yao shingoni. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi: katika Suratun Nisaa, aya ya 130, Mwenyezi Mungu amewaahidi wenye kutengana kuwa atamtosheleza kila mmoja kwa wasaa wake.

Bibi yule tulimpa majibu haya kwa muhtasari katika karatasi mbili, pamoja na namba za aya, naye akasema atazipeleka mwenyewe kwa mkono wake, tena safari hii atakwenda na ndugu wa kiume wa mwanamke huyo, ili awe ndiye hakamu wa upande wake.

Ewe Mola, zitie nyumba zetu utulivu, zilainishe ndimi za waume na za wake, wape wapatanishi wetu uadilifu, na umfungulie kila mwenye kudhulumiwa njia ya halali ya kutokea. Amin.